Bahari ya Bofa na Ratiba za Meli za Ulaya

Mtu atokaye Mombasa kwa barabara ya Malindi, akiisha kuvuka hori ya Kilifi, akageuka upande wa kuume, hufika Bofa. Tangu 1991 hori hiyo huvukwa kwa daraja. Kabla ya hapo msafiri alingoja feri, na mara nyingi alingoja sana. Mchanga wa Bofa ni mweupe na laini, mivinje na minazi imesimama nyuma yake, na mbele, maji yakipwa, huonekana mwamba ambapo mawimbi ya bahari kuu huvunjika. Ndani ya mwamba ni mahali pa wavuvi. Nje yake ni njia ya meli.

Meli zitokazo Ulaya kwa Mfereji wa Suez hushuka Bahari ya Sham, hupita Aden, huizunguka pembe ya Somalia, kisha hufuata pwani kuelekea kusini hadi Kilindini. Kilifi iko kaskazini ya Mombasa kwa kilomita sitini hivi, kwa hiyo meli hizo hupita upande wa Bofa, ingawa kwa mbali, kabla ya kuingia bandarini. Bali meli iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema hutoka kusini, hutia nanga Kilindini, na Bofa haina habari nayo. Mfereji ukifungwa, bahari ya Bofa hupungukiwa na wapitaji.

Vasco da Gama alipopita maji hayo Aprili 1498, akitoka Mombasa kwenda Malindi alikopata rubani wa kumfikisha India, alikuwa amekuja kwa njia ya Rasi, maana hapakuwa na nyingine. Mfereji ulifunguliwa 1869.

Katika miaka ya 1950 zilizojulikana sana katika njia hiyo zilikuwa meli mbili za kampuni ya British India, Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952, zilizopokezana safari kati ya London na Afrika ya Mashariki. Mwisho wa Oktoba 1956 vita vikazuka Misri, meli zikazamishwa mferejini, na njia haikufunguliwa hata Aprili 1957. Sasa kutoka London mpaka Mombasa kwa Rasi ni mbali zaidi kwa maili 2,000 na zaidi za baharini. Meli yenye mwendo wa maili kumi na sita kwa saa huongezewa siku zisizopungua tano, na kurudi vivyo hivyo.

Mtu asiyejua kazi ya bandari atasema siku tano si kitu. Lakini ratiba ya meli ni mnyororo. Meli ikichelewa kufika, huchelewa kuondoka, na safari inayofuata huharibika kabla haijaanza. Gati lililowekwa tayari hukaa tupu leo, na kesho meli tatu huligombea. Treni ya kuwapeleka abiria Nairobi hubadilishiwa siku. Afisa anayetazamiwa kutoka likizo haonekani, na karani wake hubaki na majalada yasiyo na sahihi. Robota za mkonge kutoka mashamba ya Kilifi na Vipingo hulala ghalani, na nauli ya shehena hupanda, maana mafuta na mishahara ya mabaharia ya siku hizo za ziada sharti yalipwe na mtu.

Juni 1967 mfereji ukafungwa tena, na mara hii kwa miaka minane, hata tarehe 5 Juni 1975. Mwaka huo huo wa 1967 Uganda iliacha kazi ya abiria wa Afrika ya Mashariki, ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Kenya ilivunjwa 1969. Si haki kuulaumu mfereji peke yake: ndege zilikuwa zimekwisha kuwachukua abiria.

Majahazi ya Arabuni hayakusumbuliwa na mambo hayo. Kaskazi iliyaleta, kusi ikayarudisha, na hakuna karani aliyeandika tangazo.

Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, iliuziba mfereji kwa siku sita. Tena, tangu Novemba 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Sham, kampuni nyingi zilirudi katika njia ya Rasi, ingawa mfereji wenyewe ulikuwa wazi. Safari hii jambo liliwagusa wakulima wa bara kuliko watu wa pwani. Mkonge huweza kungoja, na chai pia kwa kadiri, parachichi halingoji. Likishachumwa huwekwa katika kontena la baridi, na siku zake huanza kuhesabiwa. Safari ikirefuka kupita kiasi, tunda hufika Ulaya limekwisha kulainika, na mnunuzi hulikataa. Mkulima wa Murang'a, ambaye pengine hajaiona bahari hata siku moja, hana budi kuuliza kabla ya kupanda mtini: meli itapita wapi?