Mkunga Analala Wapi?

Kwa askari aliye mbali na nyumba yake, habari ya kituo cha afya cha kijijini si habari ndogo. Yeye yuko kikosini, au yuko lindoni mpakani, au amehamishiwa kituo cha polisi katika wilaya ya mbali. Mkewe, wazazi wake na watoto wadogo wamebaki kwao shambani. Homa ikimshika mtoto usiku, au uchungu ukimjia mama kabla ya siku zake, si yeye atakayembeba mgonjwa. Atakayeokoa roho ni jirani mwenye pikipiki, na mkunga aliye tayari kufungua mlango. Kwa hiyo, wataalamu wanapokaa mezani kupanga jinsi matibabu ya vijijini yatakavyokuwa baada ya miaka kumi au ishirini, wanapanga pia usalama wa jamaa za askari. Yatupasa tuyajue mambo hayo, na tuyasemee.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya wilaya hapa Uganda. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha miaka michache, kisha nikahamishiwa kazi ya ofisi. Mojawapo ya kazi zangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano, na mara nyingine kuwafasiria wageni maneno ya wananchi, na wananchi maneno ya wageni. Kwa njia hiyo nimepata kukaa mara nyingi pamoja na washauri wa mambo ya afya, wengine kutoka Kampala, wengine kutoka ng'ambo. Huja na ramani, hesabu na maswali mengi. Ni watu wenye elimu, na wengi wao wana nia njema. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nami sipendi desturi ya kumcheka mgeni kwa sababu haijui njia ya kisimani.

Kwa hakika ushauri umetufaidia. Mwaka 1959 Makerere ilifungua kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, ili wanafunzi wa udaktari wajifunze maradhi ya watu wakiwa majumbani mwao, wala si vitandani mwa hospitali peke yake. Mwaka 1966 daktari Maurice King, aliyekuwa akifundisha Makerere, alihariri kitabu kikubwa juu ya matibabu katika nchi maskini. Humo yeye na wenzake walieleza kwamba mgonjwa atibiwe karibu na kwake kadiri iwezekanavyo, katika kituo kidogo kisicho na gharama kubwa, maadamu kinaweza kumhudumia vya kutosha. Walionyesha pia, kwa hesabu za hospitali ya Mityana, jinsi idadi ya wanaokuja kutibiwa inavyopungua upesi kadiri nyumba zao zinavyokuwa mbali. Miaka kumi na miwili baadaye, mwezi wa Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovyeti wa wakati ule, yakakubaliana kwamba huduma ya kwanza ya afya iwafikie watu wote mahali wanapoishi.

Mpangilio tulio nao leo umetokana na mawazo hayo. Katika muluka pakawekwa kituo cha daraja la pili. Katika gombolola kituo cha daraja la tatu, chenye wodi ya wazazi. Na katika saza kituo cha daraja la nne, chenye daktari na chumba cha upasuaji. Tangu mwaka 2001 vikaundwa vikundi vya afya vya vijiji, vya watu wanaojitolea miongoni mwa majirani zao. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikivipandisha vituo vingi vya daraja la pili viwe vya daraja la tatu. Mwaka 2001 kati ya akina mama mia waliojifungua, kiasi cha 37 tu ndio waliojifungulia katika kituo cha afya au hospitali. Mwaka 2016 walikuwa 73. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikadiria vifo vya wazazi kuwa 336 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa; ule wa mwaka 2022 ulikadiria 189. Haya ni maendeleo ambayo mtu mwenye haki hawezi kuyakana.

Walakini, 189 si sifuri. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na pengine alikuwa na mume mwenye sare.

Miaka michache iliyopita washauri walifika katika gombolola moja ya wilaya yetu, nami nilikuwa mfasiri wao. Walikwisha kukikagua kituo cha afya. Jengo lilikuwa zima, vitanda vilikuwapo, jokofu la chanjo lilikuwa likifanya kazi, na mkunga aliandikwa katika daftari la watumishi. Ndipo mmoja wao akauliza mkutanoni, ikiwa yote yapo, kwa nini wanawake wengi wa hapa bado wanazalia nyumbani? Wanaume waliokaa mbele wakajibu upesi kwamba ni ujinga na mila za zamani.

Mama mmoja wa makamo akasimama nyuma. Alisema kwamba mke wa mwanawe alishikwa na uchungu saa saba za usiku, wakampeleka kituoni, wakamkuta mlinzi peke yake. Mkunga alikuwa akikaa sokoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwa kuwa nyumba ya mtumishi haikujengwa. Mtoto alizaliwa barazani, mbele ya mlango uliofungwa. Mama yake alitokwa na damu, akafa kabla ya mapambazuko. Mumewe, aliye askari, alipata habari kwa simu akiwa kazini. "Mnatuuliza kwa nini hatuendi," akasema. "Nami nawauliza ninyi, mkunga analala wapi?"

Nikayafasiri maneno hayo kama yalivyo. Mshauri akaitazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili. Haikuwa na mahali pa kuandikia jambo hilo. Akaliandika pembeni kwa kalamu.

Ripoti ilipokuja miezi kadhaa baadaye, nililitafuta neno la mama yule. Nililiona karibu na mwisho, limegeuka kuwa "upungufu wa makazi ya watumishi." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakumwonyesha msomaji mtu aliyelala barazani. Mwishowe wananchi wenyewe walifyatua matofali, gombolola ikatoa mabati, na nyumba ya vyumba viwili ikasimama kando ya kituo. Tangu hapo taa huonekana pale usiku.

Simsemi vibaya mkunga yule. Alikuwa mmoja mahali palipohitaji watatu, naye ni mama mwenye watoto; hakuna awezaye kumtaka atembee mwendo wa saa mbili peke yake gizani. Hali kadhalika, vingi vya vyumba vya upasuaji vilivyojengwa katika vituo vya daraja la nne miaka ya mwanzo ya 2000 vilikaa muda mrefu bila kazi, kwa kukosa daktari, mtoa dawa ya usingizi, maji, umeme, au nyumba ya kukaa watumishi. Askari watalielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Hakuna kamanda anayeweka lindo bila kuuliza walinzi watalala wapi, watakula nini, na nani atawapokea zamu.

Ushauri wenyewe pia hubadilika, nao wanaoulipia ni watu wa chini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mashirika makubwa ya fedha walishauri kwamba wagonjwa watoe ada, na katika miaka ya 1990 vituo vingi vya serikali nchini vilitoza. Mwezi wa Machi 2001 ada hizo zilifutwa, na wagonjwa wakaongezeka sana, hasa maskini. Ilidhihirika kwamba wengi wao walikuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa shilingi chache.

Basi, sisi wa majumbani tufanye nini? Wataalamu wa uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa tatu ni juu ya serikali. Kule kwa kwanza na kwa pili nyumba inaweza kukupunguza.

Afande, kabla hujarudi kikosini, waambie wazazi wako mbele ya mkeo kwamba hatari ikitokea wasingoje simu yako wala ruhusa yako. Mtaje mtu mmoja atakayeamua. Elewaneni na mwenye pikipiki au gari, mjue namba yake na bei yake ya usiku. Wekeni akiba ya safari mahali ambapo mama mwenyewe anaweza kuifikia. Mjue ni nani katika jamaa awezaye kutoa damu. Mama ahudhurie kliniki tangu miezi ya mwanzo, wala asingoje tumbo kuwa kubwa. Tena wote nyumbani wazijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa pamoja na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, au chupa ya uzazi kupasuka bila uchungu kufuata. Yoyote kati ya hizo ikitokea, safari ianze saa ile ile.

Tena, kila kituo cha afya kina kamati yake ya usimamizi, nayo ina wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Hudhurieni mikutano inapoitishwa. Msiogope kuuliza jambo dogo mbele ya watu wakubwa. Ulizeni mkunga analala wapi, taa inawashwa kwa nini, funguo anakaa nazo nani.

Nao wataalamu waendelee kuja. Tunawahitaji, maana hesabu zao huona mbali kuliko macho yetu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kufunga madaftari yao, na walale gombololani usiku mmoja, waende mpaka kwenye kituo saa saba za usiku, wabishe hodi, kisha wahesabu dakika zitakazopita kabla mlango haujafunguliwa. Hesabu hiyo waiandike katika ukurasa wa kwanza.