Nimekaza, Mjomba

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, methali hii nimeitumia katika insha zangu tangu shule ya msingi ili nijiongezee alama, wala sikuwahi kuifikiria hata dakika moja. Nilikuja kuielewa siku ya mvua, katika uwanja mmoja wa mashindano ya gokati hapa Nairobi, nikiwa nimeshika alenki mkononi.

Nianze mwanzo. Mtaani kwetu Eastlands, watoto wa rika langu wote walijua kuunda kigari cha mbao. Unatafuta ubao, misumari na beringi 4 kuukuu zilizotupwa gereji, basi. Mmoja anaketi, mwingine anasukuma, na mteremko unamalizia kazi. Magoti yangu yana makovu ya vigari hivyo hadi leo. Beringi tulipewa na mjomba wangu, kakake mama, ambaye ni makanika wa jua kali. Mjomba hakuvuka shule ya msingi, lakini akisikiliza injini ikinguruma, atakuambia ugonjwa wake kama daktari.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza, mjomba alipata kibarua cha wikendi cha kutunza gokati ya familia moja ambayo binti yao hushindana. Akaniambia, "We kijana, mbona unakaa bure Jumapili? Kuja unibebee sanduku la spana." Mama alisitasita, maana alihofia nitatupa vitabu. Mjomba akamwahidi kwamba nikishuka nambari darasani, nitaachishwa siku hiyo hiyo.

Kwa wale wasioijua, gokati ni kigari kidogo kisicho na paa wala milango. Kina fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu 4 madogo, na injini kando ya dereva. Dereva mwenyewe huketi karibu kabisa na ardhi. Kilianzia California, Marekani, mwaka 1956, wakati fundi aliyeitwa Art Ingels alipofunga injini iliyokusudiwa mashine ya kukata nyasi kwenye fremu aliyoichomelea. Tafadhali usikidharau kwa udogo wake. Ayrton Senna wa Brazili, Michael Schumacher wa Ujerumani na Lewis Hamilton wa Uingereza wote walianzia humo. Babake Schumacher alikuwa mwashi. Alichukua kigari cha mtoto cha kukanyaga akakitia injini ndogo, mwanawe akiwa na miaka 4 tu.

Mjomba anaipenda sana hadithi ya huyo mwashi, sawa na ile ya Joginder Singh wa hapa kwetu, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kushinda Safari Rally mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976. "Unaona?" husema. "Hawa watu walianza na mikono michafu."

Siku yangu ya kwanza uwanjani, kelele za injini nusura zinitoboe masikio. Mjomba aliinua gokati juu ya stendi, akaniuliza, "Hii gari ina springi?"

"Haina, Mjomba."

"Ina difu?"

Nikachungulia chini. "Haina."

"Basi inakata kona aje?"

Nikanyamaza kama maji mtungini. Mjomba akachukua kipande cha chaki, akachora kona kwenye saruji.

Alinieleza hivi. Gari la kawaida likipinda, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu kila moja lizunguke kwa kasi yake. Lakini gokati haina difu. Magurudumu ya nyuma yote mawili yamebanwa kwenye ekseli moja, na lazima yazunguke sawasawa. Yakikanyaga chini yote mawili katika kona, moja litaburutwa, na gari litang'ang'ania kwenda mbele kama punda aliyekataa mzigo. Dawa yake ni gurudumu la nyuma la upande wa ndani liinuke kidogo, lipite hewani, kisha litue kona ikiisha.

"Nani analiinua?" nikauliza.

"Chesisi yenyewe," akajibu. Ukikata usukani, gurudumu la mbele la ndani hushuka na la nje hupanda, kwa jinsi lilivyofungwa kwa mshazari. Fremu inajipinda, na mkia wa ndani unanyanyuka. Chesisi ndiyo springi. Ufundi wote wa gokati umo humo: gurudumu lile liinuke kiasi gani, na litue lini. Ukipanua magurudumu ya mbele, mbele hung'ata zaidi na mkia huinuka upesi. Ukipanua ya nyuma, mkia hulegea na kuteleza. Hata upepo wa tairi ukiongezwa kidogo tu, dereva atahisi.

Nilipewa kazi ya karani. Katika daftari la kurasa 96 niliandika upana wa mbele, upana wa nyuma, upepo wa tairi, jua au mvua, na muda wa kila raundi. Tuliandika kwa Kiswahili kwa sababu mjomba husema Kiingereza humchosha. Sheria yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha viwili gari likawa zuri, hutajua ushukuru kipi. Mwalimu wa Fizikia alipotufundisha msuguano, wenzangu walikuwa wakikariri nami nilikuwa naona tairi. Muhula huo nilipata alama ambazo sikuwahi kuziota, na mama akaacha kunung'unika.

Sitaficha kwamba mwanzoni niliona haya. Wengi wa wanaoshindana pale ni watoto wa watu wanaojiweza, na viatu vyangu vya shule ndivyo vilikuwa viatu vyangu vya Jumapili. Lakini nyuma ya mahema kuna ulimwengu mwingine. Kuna mafundi kutoka Kariobangi na Industrial Area, wazazi wenye grisi kwenye kola, na madereva wadogo wanaosukuma gokati za wenzao. Nimeona fundi akimpa mpinzani wake cheni ya akiba saa tatu, na saa nne wanashindana kufa kupona. Ukikosa spana, unaipaaza sauti tu, nayo inakuja.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili ya Aprili mwaka jana. Kulipambazuka vizuri, lakini dakika chache kabla ya mbio za mwisho mbingu zilifunguka, maji yakamwagika kama yamemwagwa kwa ndoo. Kwenye mvua tairi hazishiki vizuri, kwa hivyo fremu haipati nguvu ya kujipinda na mkia unakataa kuinuka. Inabidi upanue mbele, usukume nyuma ndani, na ufunge tairi za mvua. Yote hayo haraka.

Mjomba alishika upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza, akaniachia habu ya kushoto ya nyuma. Habu ni kile kikombe kinachoibana ekseli na kushikilia rimu. "Legeza bolti mbili," akasema. "Sukuma ndani sentimita 2. Kaza." Moyo wangu ulijaa fahari hadi nikahisi nimerefuka.

Nililegeza, nikasukuma, nikapima, nikakaza bolti ya kwanza. Nilipokuwa kwenye ya pili, upepo uling'oa hema la majirani zetu, wakapiga kelele tuwasaidie. Nikakimbia kushika nguzo. Niliporudi tairi tayari zilikuwa zinafungwa na mtu alikuwa akitangaza kwamba wakati umekwisha.

"Umekaza?" mjomba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekaza, Mjomba."

Maneno yalitoka kabla sijakumbuka. Binti yule, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameshaketi na kofia kichwani. Alininyoshea dole gumba kama afanyavyo kila mara. Tukasukuma, injini ikawaka, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoitazama alenki iliyokuwa mkononi mwangu. Nikajaribu kuikumbuka ile bolti ya pili. Niliikumbuka ya kwanza, jinsi ilivyokataa kusonga tena. Ya pili sikuikumbuka hata kidogo. Nilikumbuka hema tu.

Mpenzi msomaji, nitakuambia ukweli. Nilinyamaza. Nilijiambia labda nilikaza. Nilijiambia nikisema, mjomba atafukuzwa kazi, nami sitakanyaga tena pale. Mbio zikaanza. Raundi ya kwanza alipita akiwa wa tano. Raundi ya pili akawapita wawili kwenye kona moja, maana gari lilikuwa limetulia kama limepigwa msumari. Mjomba akapiga makofi. "Ona mkia unavyonyanyuka! Hiyo ni kazi yako pia!"

Sifa ile ilinichoma kuliko kiboko. Gurudumu alilokuwa akilisifu ndilo lile la kushoto.

"Mjomba," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto, "sijui kama nilikaza ile ya pili."

Hakuniuliza mara mbili. Alikimbia kwenye mvua hadi kwa mwenye bendera. Raundi iliyofuata, binti alionyeshwa nambari yake pamoja na bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa katikati, ambayo maana yake ni kwamba gari lako lina hitilafu, toka. Akaingia, macho yake yakiuliza swali ambalo kofia ilizuia. Mjomba akaipachika alenki kwenye bolti ya kwanza. Haikusonga. Akaipachika kwenye ya pili. Ilizunguka nusu nzima kabla ya kushika.

Aliikaza, akamwachilia. Alimaliza wa mwisho.

Babake alikuja akiwa amelowa, akauliza kumetokea nini. Mjomba akajibu, "Ni mimi, mzee. Kukagua ni kazi yangu." Nilimtazama mjomba, mtu ambaye nauli yetu ya kurudi nyumbani ilitegemea siku ile. Miguu yangu ilitetemeka, lakini nikapiga moyo konde. "Si yeye, baba. Ni mimi. Niliambiwa nikaze, nikasema nimekaza kabla ya kuangalia." Mzee yule alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kumfunika binti yake koti. Waliondoka bila kutuambia kama turudi.

Katika matatu hatukusemezana hadi tulipokaribia mtaani. Nikauliza, "Mjomba, gurudumu lingetoka?"

"Labda lingemaliza mbio," akasema. "Labda lisingemaliza. Hiyo ndiyo mbaya yake, hatuwezi kujua." Akapangusa dirisha lililofunikwa na ukungu. "Mimi nilikosa kuangalia nyuma yako. Wewe ulisema kitu haujui. Ukiwa haujui, sema haujui. Gari haliogopi mtu asiyejua. Linaua na yule anayedanganya."

Majuma mawili yalipita bila simu. Mjomba aliuza jeki yake moja. Mama hakunigombeza, na kwa kweli ningependa angenigombeza. Ijumaa ya juma la tatu, simu ililia. Tulitakiwa turudi, lakini kwa sharti lililotolewa na binti mwenyewe: kila bolti ikikazwa ichorwe mstari mweupe wa rangi, kutoka kwenye bolti hadi kwenye habu. Mistari ikiachana, bolti imelegea. Mafundi wengi hufanya hivyo, nasi tangu hapo hatujaacha. Mwezi mzima sikuruhusiwa kushika spana. Nilisafisha cheni, nikaandika daftari. Ukurasa wa siku ile ya Aprili sikuuchana, ingawa nilitamani. Umeandikwa: "Mvua. Nyuma ndani sentimita 2. Bolti ya pili ya kushoto, haikukazwa. Nilisema imekazwa."

Sina hakika kama nitawahi kuketi kwenye gokati yangu mwenyewe, maana bei yake si ya watu wa kwetu. Hilo sasa halinisumbui sana. Nataka kusomea uhandisi wa magari, na mjomba ananiambia nishike Hisabati kwanza, ndoto baadaye.

Siku hizi, kabla ya kila mbio, binti yule huzunguka gari lake polepole akiwa ameshika kofia yake. Akifika upande wa kushoto nyuma, husimama na kuniuliza, "Umekaza?"

Nami simjibu ndiyo wala la. Ninachuchumaa, ninapangusa matope kwenye mstari mweupe, ninamwambia, "Njoo uone."