Lenzi ya kwanza? Kaiulize Chekereni

Vijana wenzangu wa mjini, kuna ugonjwa umeingia vijiweni. Mtu ana simu inayopiga picha safi kuliko studio nyingi za zamani, lakini usiku halali, anatafuta kamera ya mkanda, tena ile aliyokuwa akivaa babu shingoni siku ya harusi. Mimi simcheki mtu, maana na mimi nimo. Ila nimeona wengi wakishaipata kamera wanakwama palepale: lenzi ya kwanza niweke ipi? Kila mshkaji ana lake. Huyu anakwambia chukua pana, yule anakwambia chukua ndefu umvute Kilimanjaro mpaka mlangoni.

Kwanza tuelewane. Kamera ninayoisema hapa ni renjifainda. Hii haina kioo ndani cha kukuonyesha kile inachokiona lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha chake, na humo kitu kimoja unakiona viwili, kama jamaa aliyekesha baa. Unazungusha lenzi taratibu mpaka viwili viwe kimoja. Vikipandana sawasawa, umbali umepatikana, bonyeza.

Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, na Leica II ya mwaka 1932 ikaja na kipimo hicho tumboni mwake. Warusi nao hawakukaa kimya. Zorki 4 ya kiwanda cha Krasnogorsk, jirani na Moscow, ilianza kutoka mwaka 1956, na ndiyo niliyorithi kwa mjomba. Mwili mzima, lenzi imeota kuvu. Bahati nzuri lenzi zake hufungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, kwa uzi wa milimita 39, uleule wa Leica za zamani. Soko ni pana, kilicho chembamba ni mfuko. Mshiko wangu ulitosha lenzi moja tu.

Basi bwana, rafiki yangu mmoja pale Moshi mjini akaniazima zake tatu kwa siku moja: Jupiter-12 ya milimita 35, Jupiter-8 ya milimita 50 na Jupiter-9 ya milimita 85. Akaniambia, "Usizijaribie hapa stendi. Nenda Chekereni, ukirudi utaniambia mwenyewe."

Kwa asiyepajua, Chekereni iko huku chini, kusini mwa mji. Watu wakisikia Moshi wanawaza migomba, kahawa na baridi ya Machame. Huku ni tambarare, jua kali na mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulihusu hekta zipatazo 2,300, na Chekereni imo. Hapo hapo pana kituo cha mafunzo ya kilimo kilichoanza mwaka 1994, kinachofundisha watu kulima mpunga. Majaruba yanafuatana, pawatila zinanguruma, watoto wanawinga ndege, na yangeyange weupe wanatembea nyuma ya walimaji kama wakaguzi. Juu ya hayo yote, upande wa kaskazini, Kilimanjaro amekaa.

Ukienda, wahi. Asubuhi mlima uko wazi, lakini jua likipanda mawingu huja kuuvisha kanga na wewe unabaki kupiga picha za mawingu.

Nilianza na ile ya 85, maana ndiyo inayosifiwa. Kibo ni mita 5,895, na kutoka Chekereni ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Piga hesabu: kwa lenzi ya 85 mlima unasimama kama milimita 11 kwenye mkanda ambao kimo chake ni milimita 24. Kwa ya 50 unapata milimita 6 na ushee. Kwa ya 35 unapata 4 na nusu, yaani Kilimanjaro mzima anakuwa kichuguu. Kwa hiyo anayetaka mlima peke yake, 85 ni bomba. Nikapiga mlima, nikapiga na yangeyange wawili.

Shida ilianza nilipotaka watu. Kina mama walikuwa wanapandikiza miche, wameinama mstari mmoja. Nikiwa na 85, ili wote waingie ilinibidi nirudi nyuma, nirudi, mpaka nikasimama kwenye tuta la jaruba la tatu. Nikawa mbali kama askari wa doria. Mama mmoja akanyanyuka akapaza sauti, "Wewe mwanangu, mbona unatupiga kama wanyama wa mbugani? Njoo utusalimie kwanza!" Wenzake wakacheka. Nikaenda nikasalimia, nikaruhusiwa, nikabadili lenzi.

Ile ya 35 ni kinyume chake. Ukisimama hatua chache tu wote wamo, na jaruba, na anga. Ila Zorki kidirisha chake kimepimwa kwa lenzi ya 50. Ukivaa 35, inabidi upachike kidirisha kingine juu ya kamera. Unapima umbali kwenye kidirisha cha kwanza, halafu unahamisha jicho kwenye cha pili kupanga picha. Ukimaliza ibada hiyo, kicheko kimekwisha na watu wamerudi kazini. Halafu jiulize, upana unao tayari mfukoni: lenzi kuu ya simu nyingi ni kama milimita 24 hadi 28 kwa hesabu ya mkanda. Ya nini kununua tena ulichonacho?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoamuliwa.

Mbele kidogo nilimkuta mzee amekaa juu ya ukingo wa mfereji, jembe pembeni. Mfereji ulikuwa mkavu, chini pana tope lililopasuka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Umekuja kupiga mlima?"

"Mlima na watu, mzee, kama utaniruhusu."

Akatikisa kichwa. "Wote mnakuja kupiga mlima. Mlima hauna shida. Mwenye shida ni huyu," akaugonga mfereji kwa mpini wa jembe.

Akanieleza. Maji ya mradi yanatoka mto Rau na chemchemi za Njoro. Yanakutana kwanza na majaruba ya Mabogini, na walimaji wa huko juu wameongezeka sana kuliko mradi ulivyopangwa. Chekereni na Oria wako mkiani, wanagawana kinachobaki kwa zamu. Yeye zamu yake ilikuwa imepita kavu, na miche yake iko kitaluni inazeeka. Mche ukizeeka kitaluni, hata ukiupandikiza hauzai ipasavyo. Aliponyamaza aliniuliza kitu kimoja: "Hiyo kamera yako inaweza kunitoa mimi, mfereji huu na jaruba langu, pamoja? Nataka nikaionyeshe kwenye kikao cha maji. Maneno nimeshasema sana."

Hapo msomaji wangu, habari ya lenzi ikaacha kuwa mchezo wa vijiweni. Kwa 85 ningepata uso wa mzee wenye huzuni, mzuri wa kutundika ukutani, lakini mfereji haumo. Picha ya namna hiyo inasema mzee kachoka, basi, haisemi kachoshwa na nini. Kwa 35 vyote vingeingia, ila kutoka palepale mzee angepungua, na Kibo, ambako watu wanajua ndiko yaliko maji, angekuwa nukta.

Nikafunga 50. Nikarudi nyuma mita 5. Kwa umbali huo lenzi hii inameza upana wa mita 3 na nusu hivi na kimo cha zaidi ya mita 2: mtu mzima aliyesimama, mfereji ubavuni mwake, jaruba nyuma, Kibo juu ya bega. Mkanda ulikuwa wa 200, saa tatu asubuhi jua limetoka vizuri, kasi 1/125, tundu namba 16. Kwa tundu hilo, ukipima mita 5, kuanzia kama mita 2 na nusu mpaka mlimani kote kunatoka wazi. Na kidirisha ni kimoja, jicho halihami. Niliongea naye huku nachungulia, na mita 5 ni umbali ambao mtu anakusikia bila kupaza sauti. Nikapiga nne.

Mkanda uliposafishwa nilimtumia nakala mbili. Moja iko nyumbani kwake. Ya pili aliibeba kwenye kikao, na waliokuwepo wameniambia ilizunguka mikononi mwa watu kabla mzee hajafungua mdomo. Maji bado ni ya zamu, picha haichimbi mfereji. Lakini siku ile hakuna aliyemwambia anatia chumvi.

Kwa hiyo wewe unayeuliza ununue ipi, mimi nakwambia 50. Sababu si kwamba ndiyo waliyoitumia wakubwa, ingawa Henri Cartier-Bresson, bingwa wa Ufaransa, aliipenda maisha yake yote. Sababu ni kwamba inakulazimisha usimame umbali wa salamu. Ndefu inakufanya mpelelezi, na upana simu inao. Na kwa Zorki na jamaa zake, ndiyo inayoelewana na kidirisha bila kuongeza gharama.

Kabla hujatoa mkwanja, fanya haya. Mulika lenzi kwa tochi kutokea nyuma: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe. Fungua na funga tundu uone vipande vyake havina mafuta. Kwa walioko Moshi kuna kipimo cha bure: zungusha lenzi mpaka mwisho wa mbali, chungulia Mawenzi. Vilele viwili vikipandana kikawa kimoja, kamera na lenzi vinaelewana. Vikibaki mapacha, inahitaji fundi. Na mwenye Zorki asisahau, vuta mkanda kwanza ndipo ubadili kasi, la sivyo utaiua mashine. Ulizia pia mapema utasafishia wapi, maana mkanda una picha 36 tu na kila moja ina bei.

Haya, mkifika Chekereni salimieni kwanza. Mlima haukimbii.