Sarafu Kongwe na Haki za Watu: Safari ya Kitale na Bungoma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Sisi watu wa Pwani tumezoea kudhani kwamba habari za sarafu kongwe ni zetu peke yetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Lakini katika safari yangu ya Kitale na Bungoma niliulizwa juu ya sarafu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuulizwa nyumbani, na kila swali lilikuwa na haki ya mtu ndani yake.

Kitale ni mji wa baridi, uliozungukwa na mashamba ya mahindi, na Mlima Elgon ukiuangalia kutoka magharibi. Hapo ipo nyumba ya makumbusho iliyotokana na kazi ya mkusanyaji mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, askari wa Kiingereza, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, akikusanya wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966 alikuwa ameusia mkusanyo wake kwa taifa, na mwaka 1974 makumbusho ya sasa yakafunguliwa. Leo mtoto wa Kibukusu au wa Kipokot huingia akaona vitu vya babu zake. Mkusanyiko uliofungiwa sandukuni hufa pamoja na mwenyewe. Uliowekwa mbele ya watu huendelea kufundisha.

Kutoka Kitale barabara huteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, ambako mahindi huanza kuchanganyika na miwa. Juu ya Webuye upo mlima wa Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami hapo ndani ya boma lao dhidi ya jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, na wengi wakauawa. Naomba msomaji auhifadhi mwaka huo, kwani tutaurudia.

Mjini Bungoma, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja alinifungulia kifuko cha kitambaa alichoachiwa na babake. “Shekhe,” akasema, “watu wananiambia hizi ni za kale sana, zina mali. Nitazame wapi nijue?”

Nilimwambia aanze na maandishi. Ndani ya kifuko mlikuwa na rupia ya Kihindi, fedha iliyotumika katika nchi hii hadi mwaka 1920, kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921. Nyingine zilikuwa senti za tundu, zenye pembe mbili za ndovu kando ya tundu. Moja ilikuwa ya mwaka 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala muda usiotimia mwaka. Kwa kuwa senti za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilipigwa mapema kwa jina lake tu. Wachuuzi huzitangaza kuwa ni adimu, ilhali zilitolewa kwa mamilioni.

Mwaka ulioandikwa nao unaweza kumpoteza mtu. Reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyozunguka sana Pwani yetu, ina mwaka 1780 daima, hata ile iliyopigwa zaidi ya miaka mia baadaye. Isitoshe, misafara ya Pwani iliyofika magharibi katika karne ya 19 ilifanya biashara kwa vitambaa, shanga na nyaya zaidi kuliko kwa sarafu. Kwa hiyo anayedai kuwa na sarafu ya miaka elfu kutoka huko aulizwe imefikaje.

Kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza akatoa mfukoni kisarafu cha shaba nyeusi. Alifanya kazi Uarabuni miaka kadhaa, akauziwa huko kuwa ni ya Wanabatia, Waarabu wa kale waliojenga Petra na kuchonga makaburi ya Mada'in Salih. Picha zake zilikuwa zile zijulikanazo: upande mmoja vichwa viwili vya mfalme na malkia vimepandana, upande wa pili pembe mbili za neema zilizopishana. Ndivyo zilivyo sarafu nyingi za Mfalme Harithi wa Nne, aliyetawala kuanzia mwaka 9 kabla ya Miladi hadi mwaka 40 Miladi, na mkewe Shaqilat. Maandishi yake husomwa kutoka kulia, na hati hiyo ndiyo mzazi wa herufi tunazofundisha madrasani.

Lakini ukingo wake ulikuwa na mshono, na uso ulikuwa na vitundu vidogo vya mapovu. Sarafu za Wanabatia zilipigwa kwa nyundo baina ya chapa mbili; mshono na mapovu ni alama za kitu kilichomiminwa kalibuni. Nilimweleza kwamba dalili ni za bandia, na aipeleke kwa mtaalamu kabla ya kuiuza.

“Ustadh, nami niliuziwa hivyo hivyo. Nikimuuzia mwingine bila kusema neno?”

Nilimkumbusha yule mfanyabiashara aliyeweka nafaka kavu juu na iliyolowa chini, Mtume (S.A.W.) akatia mkono wake ndani na kumkaripia. Anayejua aibu ya bidhaa akanyamaza ameghushi, hata kama naye alighushiwa. Kijana aliifunga katika karatasi, akakaa kimya.

Na ingekuwa ya kweli? Hapo elimu ya sarafu inaingia katika fiqhi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, hazina iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu, ikaokotwa katika ardhi isiyo na mwenyewe, ni rikazi: dhahabu na fedha yake ikifikia nisabu hutolewa khumusi, yaani sehemu moja katika tano. Ikiwa na alama ya Kiislamu si rikazi. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa, asipojulikana ina hukumu ya luqata, hutangazwa mwaka mzima. Ikiwa katika shamba la mtu, mwenye shamba ana haki yake. Basi kusoma maandishi ya sarafu ndiko kunakoonyesha ni haki ya nani. Ama iliyonunuliwa si rikazi kabisa; swali lake ni kama muuzaji alikuwa na haki ya kuiuza, na Jordan na Saudi Arabia zimekataza kutoa mambo ya kale nje bila idhini.

Nchini kwetu, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ndio mwaka wa Chetambe. Anayegundua kitu cha namna hiyo hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba. Kwa kuwa tumeishi hapa kwa ahadi ya kufuata sheria zake, kuitimiza ahadi hiyo ni sehemu ya dini yetu.

Basi, ndugu zangu, ukiokota sarafu kongwe usiisugue kwa ndimu wala majivu, kwani utafuta maandishi. Andika ulipoiokota na kina chake. Ipige picha pande zote mbili, kisha uipeleke makumbusho ya karibu. Na ukirithi kifuko kama cha yule mzee, waketishe watoto wako uwasomee sarafu moja moja: nani alitawala, nani alilipa kodi kwayo, nani aliitolea jasho.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza amana, kubwa na ndogo. Wallahu a'lam.