Bolti Inayolegea Kila Siku

Katika Uasin Gishu, ngano ikikauka shambani, mvua ya siku moja yaweza kuleta hasara kubwa. Ndugu yangu alikuwa akikaza bolti ile ile ya kombaini kila asubuhi, na jioni huikuta imelegea. Nilimwuliza, "Je, ni nini kinachoilegeza?" Tukazima injini, tukangoja kila kitu kisimame, ndipo tukatazama. Chuma kimoja cha ngoma ya kupuria kilikuwa kipya, na mwenzake wa upande wa pili kimechakaa. Uzito haukulingana, basi ngoma ilipozunguka kwa kasi iliutikisa mtambo mzima. Vyuma hivyo hubadilishwa viwili viwili, vile vinavyoelekeana. Tulipofanya hivyo, na kutia bolti mpya, mtikisiko ulikoma. Bwana mkulima, kukaza nati ni vyema, lakini tafuta kwanza kinachoilegeza.