KABLA HUJAMWITA FUNDI MWIZI, SIKIA HESABU YA SISIMIZI

Wadau, ile ishu ya staa mmoja (jina kapuni) na fundi wake wa grili imewaka kweli! Staa analalamika kanunulishwa paipu nyingi kuliko kazi yenyewe. Na nyie mmeshahukumu: "Mafundi wote wezi."

Simtetei mtu. Ila tangu nimalize form four nashinda karakana ya kuchomelea ya kaka yangu, na nimeona paipu ikipotea bila mtu kuiba.

Chukua skwea paipu ya mita 6. Unataka vipande sita: sentimita 250, 240, 200, 190, 150 na 140. Jumla ni 1,170, yaani paipu mbili hazijaisha hata. Sasa fundi anaanza na virefu, kama tulivyozoea. Paipu ya kwanza anatoa 250 na 240. Ya pili anatoa 200, 190 na 150. Kile cha 140 hakina pa kutoka, inabidi ikatwe paipu ya tatu!

Panga upya. 250, 200 na 140 ni 590. 240, 190 na 150 ni 580. Paipu mbili tu, na jiwe la grainda limepata nafasi yake ya kula.

Vipande sita unavipanga kichwani. Kiwandani ni mamia, na namna za kuvipanga ni nyingi mno, hata kompyuta haiwezi kujaribu zote. Ndo wataalamu wakawageukia sisimizi.

Sisimizi akipita anaacha harufu. Njia fupi wanaenda na kurudi haraka, harufu inakolea, wenzao wanafuata. Njia ndefu harufu inafifia. Mwaka 1992 Marco Dorigo, kwenye tasnifu yake ya udaktari huko Milano, Italia, aligeuza tabia hiyo kuwa algorithimu, yaani hatua za kufuata kwenye kompyuta. Baadaye watafiti wakaipeleka kwenye ukataji. Kila "sisimizi" wa kwenye programu anajaribu mpangilio wake, wenye mabaki machache unaongezewa harufu, na wanaofuata wanaanzia hapo. Haikuahidi mpangilio bora kuliko yote, ila inakupa mzuri kwa muda mfupi.

Lakini kompyuta haioni kutu wala paipu iliyopinda. Hayo anayajua fundi, asipoiambia itakata pabaya.

Kwetu hii sio stori ya kisomi. Kaka akishakubaliana bei na vifaa ndani, paipu ya ziada inatoka kwenye faida yake, hapo kuna kodi ya fremu na ada ya mtoto. Mkikubaliana mteja anunue, inatoka mfukoni mwako.

Kwa hiyo mteja, kabla ya kutoa hela omba orodha ya vipande na kila kimoja kinatoka paipu ipi. Na wewe fundi mwenzangu, panga kwenye karatasi kabla hujawasha grainda. Ikibidi paipu ya tatu, ile sentimita 460 iliyobaki ni mali ya mteja. Mpe.

Haya, mafundi na wateja, uwanja wenu. Nani analipia mabaki?