Njia ya Albertina na Sauti za Wachoma Mkaa

Mimi ni mwalimu wa jiografia Kigoma, na ufundishaji wangu umebadilishwa na ndege iliyoanguka mwaka 1961.

Ziwa letu ndilo lililonivuta. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 17 Septemba mwaka huo kwenda Ndola, Zambia ya leo, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ili mapigano ya huko yasimame. Njia fupi ingekatiza Katanga. Lakini jimbo hilo lilikuwa na ndege ya kivita aina ya Fouga iliyokuwa ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa siku zile. Kwa hiyo rubani Per Hallonquist aliandikisha safari ya Luluabourg, Kananga ya leo, akakaa kimya redioni kwa saa kadhaa, akazunguka mashariki hadi Ziwa Tanganyika, ndipo akashika kusini. Ndege iliyombeba Lord Lansdowne wa serikali ya Uingereza ilitangulia na kutua Ndola salama.

Kuijenga upya safari ya Albertina, kama ndege hiyo ilivyoitwa, ni kazi ya kuunga vipande. Salisbury, Harare ya leo, iliisikia redioni ikitaja ncha ya kusini ya ziwa. Saa 6:10 usiku Hallonquist aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaziona taa na anashuka. Hakusikika tena. Mazungumzo ya mnarani hayakurekodiwa kwenye mkanda. Mabaki yalikutwa msituni kiasi cha kilomita 15 magharibi ya uwanja, magurudumu yameteremshwa, miti imekatwa kwa mteremko mdogo, kama ndege inayogeuka ili ije kutua. Ila ilikuwa chini mno, na hakuna ramani iliyoweza kuniambia kwa nini.

Walioweza kusema jambo walikuwa wachoma mkaa waliokuwa macho msituni usiku ule. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege ya pili, ndogo, na mwanga angani kabla kubwa haijaanguka. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia iliyaweka kando maneno yao, ikamlaumu rubani. Hata Harold Julien, mlinzi aliyeokoka peke yake kati ya watu 16 na kuishi siku chache, alipozungumzia mlipuko ilisemwa kwamba ni mgonjwa anayeweweseka. Jambo hili linanichoma mpaka leo. Wachoma mkaa wale walikuwa chini ya njia ile ile ya ndege, wana macho, na ushahidi wao ukapimwa kwa rangi ya ngozi yao.

Haki yao ilirudi taratibu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimteua Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, kuongoza jopo la kuupima ushahidi mpya, na mashahidi wa Ndola walipewa uzito. Ripoti yake ya 2017 ilisema inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia. Hakusema zaidi ya ushahidi ulipofika, na uangalifu huo naupenda kuliko nadharia zote nilizozisoma.

Kabla ya kuisoma habari hii nilifundisha ramani kwa rula na vipimo. Sasa maji ya ziwa yanapopanda na kumeza ufukwe, wanafunzi wangu hawaanzi na karatasi. Wanakwenda kwa wavuvi na kina mama wanaoanika dagaa, wanauliza maji yalikuwa wapi, nani aliyaona, alisimama wapi, wakati gani. Majibu yakipingana tunayaandika yote mawili, na jina la kila aliyesema linabaki pembeni mwa mchoro. Vipimo vinafuata baadaye.

Othman ameeleza kwamba Uingereza, Marekani na Afrika Kusini huenda bado zina nyaraka ambazo hazijatolewa. Zitolewe. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu, Copperbelt, Katanga au huku kwetu ziwani, yupo mzee aliyekuwa hai usiku ule na anakumbuka ndege angani, kaa naye leo. Andika alichokisikia, saa aliyokisikia, na upande ndege ilikotokea.